Mama Breki na Gurudumu Lenye Homa

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, gari dogo jeupe linaingia kwenye ua wa Mama Breki. Dereva anagusa breki kidogo tu, kama mtu anayeonja chai ya moto. Loo! Gurudumu moja la nyuma linaganda, gari linapinda, kokoto zinaruka hadi kwenye nguo zilizoanikwa.

"Umeona mwenyewe!" anafoka dereva kabla hata hajafungua mlango. "Jana mtoto kaumia pua. Na hizi breki, mama, umezitengeneza wewe wiki iliyopita!"

Mama Breki anaweka kikombe chini, analizunguka gari na kusogeza mgongo wa kiganja karibu na kila gurudumu.

"Huyu mzima. Huyu mzima. Huyu vuguvugu." Anapofika nyuma kushoto anauvuta mkono haraka. "Ehee! Huyu ana homa."

Mama huyu wa miaka hamsini na miwili hutengeneza breki, breki tu, nyumbani kwake, kati ya kamba ya nguo na pipa la maji. Kazi alifundishwa na mumewe, fundi ambaye mgongo ulimkatalia kuinama miaka kumi na mmoja iliyopita. Mume alikaa kwenye kiti cha plastiki akielekeza, mke akalala chini ya gari.

"Mwaka wa kwanza nilipata magari tisa tu," anasimulia huku akiweka mawe kwenye magurudumu ya mbele. "Mtu anakuja na gari lake, akiona anayelala chini ni mimi, ghafla anakumbuka ana safari."

Siku hizi hupokea magari matano au sita kwa wiki, na watoto wake watatu wamesomeshwa na ua huu huu.

Lakini leo jina lake liko rehani. Dereva hubeba watoto saba wa shule, na wazazi wamemtuma mama wa yule aliyeumia pua aje kushuhudia. Amesimama langoni, mkoba kwapani, uso umekaza. Akisema hapana, kuanzia Jumatatu watoto watapanda gari jingine.

"Wakiniacha hawa, mtaa mzima utaniacha," Mama Breki ananinong'oneza. "Habari ya breki mbovu haisimami njiani."

Jeki inapanda, gari linakalishwa juu ya vigoda viwili vya chuma, gurudumu linatoka. Anapangusa vumbi kwa kitambaa kibichi, maana vumbi la breki, anasema, halipulizwi, linaingia kifuani.

"Mafuta yamevuja," dereva anatabiri.

Mama Breki anapitisha kidole chini ya mpira unaozuia mafuta ya breki. Kikavu. Anakagua sehemu zinazosugua. Safi, hazina hata tone la grisi. Jasho linaanza kumtoka. Kisha anahamia upande wa kulia na kufungua gurudumu la pili.

Anatazama kulia. Anatazama kushoto. Anatazama tena kulia, halafu anakaa chini kwenye kokoto.

"Haki ya Mungu," anasema kwa sauti ya kusikika hadi langoni, "ni mimi."

Ndani ya kila gurudumu la nyuma la gari hili kuna vyuma viwili vilivyopinda. Chenye kipande kifupi cha kusugua hukaa mbele, chenye kirefu hukaa nyuma. Kulia viko sawa. Kushoto vimebadilishana nafasi, ndiyo maana gurudumu hilo hukamata kwa pupa.

Kumbe Mama Breki ana sheria yake: fungua gurudumu moja, lile jingine liwe kitabu chako cha kuangalizia. Wiki iliyopita wingu lilitanda, akafungua yote mawili kwa mpigo.

"Mvua ilikuwa inakuja, nikajifanya najua!"

"Mama watoto, si nilikuambia siku ile?" mumewe anadakia kutoka kwenye kiti chake.

"Uliniambia ukisinzia!"

"Hata nikisinzia nasema kweli."

Dereva anacheka hadi anashika gari. Mwenye mkoba hacheki. Anasogea karibu.

"Dada, ungesema mafuta yamevuja, sisi tungejua nini?"

"Pua ni ya mwanao, mdogo wangu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Niumbuke mimi leo kwa aibu, kuliko wewe unikumbuke kwa msiba."

Nusu saa baadaye vyuma vimerudi mahali pake, vimepigwa msasa na kurekebishwa. Mama Breki anaingia kiti cha nyuma, kikombe cha chai mkononi, kimejaa pomoni. Ndiyo mizani yake.

Barabara iko wazi. Breki ya kwanza, taratibu: chai inatikisika tu. Ya pili, ya nguvu: gari linasimama bila kupinda, kwenye mstari wake, na chai yote iko kwenye gauni la fundi.

"Imemwagika!" anashangilia akishuka langoni. "Lakini imemwagika mbele! Haikwenda pembeni hata kidogo!"

Nami, mwandishi mzima, najikuta napiga makofi.

Mwenye mkoba habebwi na shangwe. Anaweka mkoba chini, anasogeza mgongo wa kiganja kwenye gurudumu la kulia, kisha la kushoto. Anarudia.

"Yote vuguvugu," anasema, na uso unafunguka kwa mara ya kwanza. "Jumatatu mwanangu atapanda. Ila atakaa nyuma, na mkanda!"

Lango linapofungwa, namuuliza Mama Breki ana mpango gani. Anakamua pindo la gauni, anatazama juu ya ua, ambako hakuna chochote ila anga.

"Bati nane," anasema. "Nne ninazo tayari, ziko chini ya kitanda. Nikiezeka hapa, mvua inyeshe mpaka ichoke. Mimi nafungua gurudumu moja."