Hebu Tazameni Kule

Shangazi yangu wanamwita Mkasi, na asikudanganye mtu kwamba jina hilo limetokana na ulimi wake, ingawa ulimi nao umo. Kazi yake ni kupogoa mizabibu. Ile mistari mirefu unayoiona juu ya kilima, mingi imepita mikononi mwake. Anakata matawi ya mwaka jana, anaacha machipukizi mawili, anafunga tawi kwenye waya, anasogea. Amefanya hivyo kwenye mashamba ya kiwanda cha mvinyo tangu akiwa msichana, na mkasi wake wenye mpini mwekundu unalala kwenye meza kando ya kitanda, mahali ambapo wengine wanaweka simu.

Msimu uliopita aliteleza kwenye chumba cha mapipa ya mvinyo kiwandani. Sakafu ilikuwa imetoka kuoshwa, akaanguka, akavunjika mguu juu ya goti. Alikaa na plasta, plasta ikatoka, akapewa fimbo. Fimbo akaitundika nyuma ya mlango wa jikoni na kuitundikia aproni. Kila nilipompigia simu kumuuliza hali, alisema mguu mzima. Uongo mtupu. Nilikuwa nasikia kwenye simu anavyoburuta kiti ili apate pa kujishikia.

Baba yangu ndiye kaka yake mkubwa, msimamizi wa ujenzi mstaafu, mtu ambaye akisema ukuta utasimama hapa, basi utasimama hapo hapo. Akaamua: Mkasi atahama. Atakuja kukaa kwake mjini, kwenye nyumba kubwa isiyo na ngazi, na mambo ya kupanda vilima yataishia hapo. Hakumuuliza mtu. Tukafunga safari, yeye, mimi na rafiki yangu tunayesuka naye saluni moja, ambaye tunamwita Kamera kwa sababu hapiti kitu bila kukipiga picha. Mimi na Kamera tulikuwa tumeahidiwa mapumziko: kutembea ile njia ya miguu inayofuata pwani, kuona mashamba ya zabibu, kuonja mvinyo. Tulipofungua buti ya gari kutoa mabegi ndipo nikayaona maboksi. Yamekunjwa, yamefungwa kamba, na selotepu mpya juu yake.

Shangazi naye akayaona. Alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu kama mtu anayejifanya hajaegemea. Hakuuliza. Alitukaribisha, tukala, tukanywa chai, akamsikiliza kaka yake mpaka mwisho: nyumba ilivyo na nafasi, hospitali ilivyo karibu, na jinsi mtu wa umri wake asivyopaswa kuhangaika na mguu wa kuunga. Kisha akafuta mdomo.

"Kaka, kesho tunatembea," akasema. "Tunaanzia kwenye ngazi za ufukweni, tunafuata njia mpaka kwenye rasi, halafu tunapanda mashambani mpaka geti la kiwanda. Nikifika getini kwa miguu yangu, maboksi yako yanarudi matupu. Nikishindwa, nitayajaza mwenyewe."

Baba akakubali bila kupepesa macho. Mimi nilitamani kumpiga mtu. Hivi watu wazima wawili, mvi zimewajaa, wanawekeana dau juu ya mguu uliovunjika? Nikamfuata baba nje kumwambia huu ni wendawazimu, akanijibu kwamba yeye hakuanza. Nikamfuata shangazi jikoni, akanijibu nisimletee maneno ya saluni. Basi nikanyamaza, na wanaonijua wanajua kwamba kunyamaza kwangu ni ugonjwa.

Sasa kuna jambo moja la ukoo wetu lazima nikueleze, la sivyo yaliyofuata hutayaelewa. Bibi, yaani mama yao baba na shangazi, alikuwa dobi. Alikuwa anafua nguo za watu, na watoto wake walikua wakitembea nyuma yake na mafurushi kichwani, kwenda na kurudi. Alikuwa amepiga marufuku neno moja: nimechoka. Alisema neno hilo likitoka kinywani mwa mmoja linaingia miguuni mwa wote. Kwa hiyo mtoto akichoka, alisimama akasema, hebu tazameni kule. Wote wanasimama, wanatazama alikoonyesha, hata kama hakuna kitu, mpaka mwenyewe aseme haya, twende. Ni mwiko kumuuliza ameona nini. Bibi alishafariki, sheria yake iko hai. Mimi mwenyewe, siku ninajifungua mtoto wangu wa kwanza, nilimwonyesha mkunga dirisha.

Kamera hakujua lolote kuhusu hilo. Nilisahau kumwambia, na baadaye nikaona utamu wa kutomwambia.

Tulianza asubuhi, jua halijawa kali. Njia ile mwanzo wake ni mbao zilizopigiliwa juu ya mchanga, halafu changarawe, halafu mawe matupu. Upande mmoja kuna vichaka vya miiba vyenye maua madogo ya njano, upande wa pili ni maji, huko chini, yanajipiga kwenye miamba. Shangazi alivaa viatu vyake vya kazi, akatia mkasi mfukoni, fimbo akaiacha nyuma ya mlango. Nilipoichukua mimi, alinikata jicho nikairudisha.

Akatembea. Sitasema alitembea vizuri. Mguu mzima ulitangulia, ule mwingine ukaja nyuma kama mtoto asiyetaka kwenda shule. Lakini alikwenda, kajikaza kisabuni, midomo ameibana, jasho linamtiririka shingoni, na kila palipofungwa kamba ya kushikia, yeye alipita mbali nayo makusudi. Wanaposema kufa na tai shingoni, wanamsema shangazi yangu. Nilimwonea hasira na nikamwonea fahari, vyote kwa pamoja.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa baba. Hebu tazameni kule, akasema, akaonyesha jiwe. Tukatazama jiwe. Kamera akalipiga picha. Hatukwenda mbali akasimama tena, akatuonyesha pipa la taka. Kamera akachuchumaa, akalipiga picha pipa la taka kwa mbele na kwa ubavuni, akasema mzee ana jicho la kisanii. Nilibana kicheko mpaka mbavu zikaniuma. Baadaye ikawa nguzo ya kibao kinachokataza watu kukanyaga maua, halafu kunguru, ambaye aliruka zake kabla hatujageuka.

Shangazi akapandwa na hasira. Aliona kaka yake anampumzisha kwa mlango wa nyuma, ili jioni apate la kusema, kwamba si mmeona tulikuwa tunasimama kila mahali. Akamwambia kama ni huruma, akamwonee huyo kunguru.  Baba aliendelea kutazama kulekule, hata baada ya sisi wengine kumaliza. Hilo nililiona, nikadhani ni ujanja wake, nikalipita.

Kwenye rasi upepo ulikuwa mkali hata kuongea ni kazi. Tukakaa nyuma ya mwamba, baba akafungua mfuko wa chakula alioufunga mwenyewe alfajiri. Mkate na mayai ya kuchemsha. Akamgawia kila mtu yai lake, na likabaki moja mkononi. Akaliangalia, akalirudisha mfukoni taratibu. Mama yangu alifariki mwaka jana, na ni yeye aliyekuwa akitembea nasi safari zote. Nilijua yai lile ni la nani. Nikameza mkate wangu bila kusema kitu, maana ndivyo tulivyolelewa.

Kutoka rasini njia inaipa bahari mgongo na kupanda katikati ya mizabibu. Hapo shangazi akabadilika. Alikuwa kwake. Alipita akishika majani, akiwasema vijana wa siku hizi wanaofunga waya kama wanafunga mbuzi, akatuonyesha mstari alioupogoa yeye na mstari ulioharibiwa na mtu ambaye hakumtaja ila alimtukana. Alikata hata kijitawi kimoja kilichomuudhi. Kamera akauliza kama inaruhusiwa, akajibiwa kwamba yeye ndiye anayeruhusu.

Lakini kilima hakijali mtu ni mwenyeji au mgeni. Kilipoanza kusimama wima, maneno yake yakapungua, yakaisha kabisa, ikabaki pumzi tu. Geti la kiwanda tulikuwa tunaliona, la chuma, la kijani, limefunguliwa upande mmoja. Mguu wake ulikuwa unatetemeka mpaka kitambaa cha suruali kinacheza. Nilikuwa nyuma yake, mikono nimeitanguliza kama mtu anayengoja kudaka sahani.

Akasimama.

"Hebu tazameni kule," akasema.

 Tangu asubuhi hakuwa ameyasema maneno hayo, hata mara moja. Tukageuka wote, tukaitazama bahari tuliyoiacha nyuma, na Kamera akatoa simu yake. Tukatazama, tukatazama. Ile haya ya kuondoka haikuja. Nilisikia pumzi yake nyuma yangu, fupi fupi, na nikajua haiji upesi. Nikaiona jioni yetu yote: sauti ya selotepu, sahani zinafungwa kwenye magazeti, mkasi mwekundu unatupwa kwenye boksi pamoja na vijiko. Nilingoja baba aseme basi, imetosha, nikalete gari.

Baba akawa wa kwanza kugeuka.

"Nimechoka," akasema.

Shangazi akamkodolea macho kana kwamba ametukana mbele ya watoto. Mimi nilihisi miguu yangu inalegea, kweli kabisa, kama bibi alivyosema.

"Umesemaje?"

"Nimechoka, mdogo wangu. Siyo kilima. Nyumba. Niliwaambia wote nakuja kukuchukua kwa sababu ya mguu, na mwenyewe nikajiaminisha hivyo. Siyo mguu. Narudi jioni, naingia na viatu vyenye matope mpaka chumbani, na hakuna mtu wa kunigombeza."

Kumbe lile jiwe, lile pipa la taka, yule kunguru. Hakuwa anampumzisha mtu. Na mimi, binti yake wa kumzaa, namsuka kila mtu mji mzima na kumsikiliza shida zake, nampigia baba simu kila Jumapili, ananiambia mzima wa afya, nakata simu nimeridhika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nililia palepale katikati ya zabibu za watu, na sikuona aibu. Kamera alishusha simu akaitia mfukoni, na kwa hilo nilimpenda.

 Shangazi alichomoa mkasi mfukoni, akaufungua, akaufunga.

"Maboksi yako wapi?" akauliza.

"Garini."

"Basi rudi nayo mjini, uyajaze vitu vyako. Chumba changu cha nyuma kina dirisha zuri. Mlango wake umekatika bawaba tangu zamani, na wewe ni mtu wa ujenzi. Viatu utavua nje." Akatia mkasi mfukoni. "Mimi sihami. Na getini nafika."

Baba akamtolea mkono. Akaukataa. Akamwamuru atangulie, ili apate mtu wa kumsukuma kwa maneno, na baba akatangulia, akipanda huku anapangusa uso kwa mkono wa shati. Shangazi akamfuata. Safari hii alishika nguzo za mizabibu, moja baada ya nyingine. Nilijua hataziita msaada, hizo ni zake. Alimwambia kaka yake anatembea kama jogoo aliyenyeshewa. Akamwambia alikuwa hivyo hivyo tangu utoto. Mguu ukaja, ukagoma, ukavutwa, ukaja tena. Hakuna aliyemgusa.

Alilifikia geti akalipiga kofi, chuma kikalia. Msichana wa kuonjesha mvinyo akachungulia kutoka ndani, akasema tumewahi, bado anapanga glasi. Shangazi akamwambia achukue muda wake. Kisha akajishusha taratibu kwenye jiwe kando ya geti, akaunyoosha ule mguu mbele yake, akautazama, na akafungua kinywa.

"Nimechoka," akasema, kwa sauti, mwanamke yule.

Mimi na baba tukageuka kwa mazoea kutafuta cha kutazama. Hakuwa ametuonyesha kitu. Tukamgeukia, tukamtazama yeye.