Ndege wa Masanja Hawafiki Kwetu

Mwanzoni mwa kiangazi nilipata barua ya kaka yangu Masanja kutoka Kanada. Mstari wa kwanza ulisema: "Kabula, msomee mama mwenyewe." Alikwenda kusomea mambo ya uvuvi, wakati viwanda vya minofu ya sangara vikifunguliwa hapa Mwanza kimoja baada ya kingine, akaahidi kurudi kufanya kazi nyumbani. Sasa alikuwa harudi tena. Alikuwa amejenga, na mkewe wa huko alikuwa mjamzito. Nilifunga safari nikiwa nimeamua kuwa kipande hicho nitakiruka.

Saa mbili asubuhi kivuko kiling'oa nanga Mwanza. Wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda juu ya maji kama moshi. Mnandi wawili, wale ndege weusi wa kupiga mbizi, walisimama juu ya jiwe, wakianika mabawa. Niliwatazama hadi jiwe likapotea.

Ng'ambo, Kamanga, nilipanda gari hadi njia panda, kisha nikatembea. Wanunuzi wa pamba walikuwa wametundika mizani kila kona. Siku hizo kila mwenye lori alinunua.

Saa saba nilimkuta mama uani akikata viazi vya michembe, vipande vyembamba vya kuanika juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Masanja ameandika?"

Hata habari za njiani hakuniuliza. Nikakaa, nikasoma: "Ziwa la huku lina ndege mweusi, mgongoni ana madoa meupe. Anapiga mbizi kama mnandi, na akilia jioni nawakumbuka. Ziwa likikaribia kuganda anahamia baharini. Barafu ikiyeyuka, anarudi ziwa lilelile."

Mama akaweka kisu chini. "Wanafika huku kwetu?"

Nilitamani kusema ndiyo. "Hapana, mama. Wanaishia pwani za hukohuko."

"Sasa kama baharini kuna nafuu, wanarudi kufanya nini kwenye baridi?"

"Ndiko wanakotaga."

Akaokota kisu. "Na Masanja? Amejenga?"

Nikarudi kwenye kipande nilichokiruka, nikakisoma chote.

Mama hakulia. Alichukua kiazi kingine akakikata vipande vinene, ambavyo visingekauka hata jua likiwaka wiki nzima. Kisha akasema, "Andika. Mtoto akiwa wa kike amwite Limi. Huko kuna baridi, basi aitwe jua."

"Na akiwa wa kiume?"

"Baba yake atajua. Andika pia kwamba sijambo."

Kesho yake mchana nilivuka kurudi mjini, jibu likiwa mkobani. Katikati ya ziwa machozi yakanitoka, nikageuzia abiria mgongo. Nilikuwa nimekwenda kumkinga mama na habari ile, kumbe yeye alishaihisi zamani. Aliyekuwa bado anamsubiri Masanja ni mimi.