Dengu za Mnyoofu

Mimi mtu anayekula amesimama ananikera, na sitalificha. Ng'ombe ndiye anayekula wima, na hata yeye akishiba hulala chini akacheua kwa raha zake. Sasa mtazame mwanamume mzima, kipande cha mkate mkononi, anatafuna huku akitazama mlangoni kama anayedaiwa. Huyo ni jirani yangu wa ukuta mmoja, tena mwenzangu kazini, na habari zake ndizo ninazotaka kusimulia.

Kazini tunamwita Mnyoofu. Ni mpiga pasi katika duka la dobi, mahali ambapo mimi nashona vifungo na kukunja pindo. Suruali ikitoka mikononi mwake, mstari wake unaweza kukatia kitunguu. Na mwenyewe hana kona: ukimwuliza atakujibu, usipomwuliza ni kimya mpaka kufunga. Dukani kwetu kuna sheria moja ambayo mwenye duka anaishika kwa meno: chakula kisisogee karibu na nguo za watu. Tone la mchuzi kwenye shati jeupe, basi umejifukuza mwenyewe. Kwa hiyo tunakula kwa zamu mlango wa nyuma, wima, haraka haraka, kitambaa begani, halafu tunanawa hadi viwikoni. Tumezoea hivyo, na mazoea yana tabu.

Marehemu mkewe hakuwa mtu wa kimya. Alicheka mpaka ukuta ukatingishika, nami upande wa pili najikuta nacheka bila kujua kinachochekesha. Hakula nyama, hakula samaki, mayai wala maziwa. Alisema yeye hali kitu kilichokuwa na mama. Nikamtega, nikamwuliza, na asali je? Akaniambia nyuki naye ana mama, tena mkali kuliko wangu. Mnyoofu enzi hizo alikuwa anajibanza kwa muuza nyama wa kona, kisha anatafuna karafuu njia nzima asije akanuka. Mke alijua. Alimwacha tu.

Alipofariki, binti yao alikuwa ndiyo kwanza anatambaa. Mimi namwita Kifungo, kwa ajili ya hicho kipua chake. Tangu mazishi, Mnyoofu hakuingiza tena kitu chenye mama ndani ya nyumba ile. Muuza nyama mwenyewe aliniuliza kama amehama. Mimi sikumhoji, maana ningemhoji nini? Kila mtu na namna yake ya kuomboleza, yeye ameombolezea jikoni.

Na mpiga pasi hana muda. Anatoka asubuhi na mapema, anampeleka mtoto kwa mlezi mtaa wa pili, anarudi jua likiwa linazama na mgongo umekakamaa. Akajifunza kupika kwa hila. Asubuhi anaosha dengu nyekundu, anazitia kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, anazimwagia maji yanayochemka na kufunga. Akirudi jioni anazikuta laini. Anakaanga kitunguu na nyanya, anazimimina humo zichemke tena, anakatia mchicha mwembamba kama nyuzi zangu, na kabla mtoto hajamaliza kulia chakula kiko tayari. Siku nyingine ni boga la kuponda na kijiko cha karanga zilizosagwa, au parachichi na kiazi kitamu kilichochemshwa wakati wanavaa viatu. Jumapili anachemsha maharage ya kutosha. Nimeonja vyakula vyake vyote, na ningekuwa mtoto ningelamba sahani.

Kifungo hakulamba. Vijiko viwili, midomo inafungwa kama mkoba. Kupitia ukutani nilimsikia baba mtu akibembeleza: kidogo tu, cha mwisho, basi cha babu. Kijiko kinagonga sahani, sahani inasukumwa. Kesho yake yuko kwenye meza yake ya pasi, macho mekundu, akisema ni mvuke. Mvuke gani, wakati pasi bado ya baridi?

Halafu akaja mama mzazi wa Mnyoofu. Bibi yule ana sauti ya kuamuru hata akisalimia. Akambeba mjukuu, akamzungusha, akampima kwa mkono kama anayenunua nazi. Akasema mtoto amekuwa mwepesi mno, na kwamba majani na kunde si chakula cha kumkuzia mtu. Mnyoofu akamwambia kwamba mtu wa kliniki hana neno na dengu, mradi mtoto ale ashibe na atumie yale matone aliyoandikiwa. Bibi akajibu kwamba hilo ndilo tatizo, mtoto hali. Akatoa neno lake la mwisho: mwisho wa mwezi atarudi, na akimkuta mtoto yuko vile vile, ataondoka naye. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuumiza Mnyoofu, maana mtu mbaya unaweza kubishana naye.

Nilimwambia ajikaze kisabuni. Akaniambia, "Dada, huyu akienda, mimi narudi nyumbani kufanya nini?" Nilijifanya natafuta sindano.

Siku zile alihangaika hadi nikamwonea huruma. Leo dengu zina ndizi, kesho zina limau, keshokutwa hazina chumvi. Kilichomchoma zaidi ni kwamba mlezi aliapa kwamba kwake mtoto anakula vizuri, na chakula chenyewe ni kile kile anachofungiwa na baba yake kwenye kibakuli. Mnyoofu akaamua kwamba mkono wake ndio wenye kisirani. Alisema hivyo, kwa sauti ya mtu anayesema leo kuna mawingu.

Bibi alirudi kabla ya siku yake, jioni, na mkoba mtupu wa kutilia nguo za mtoto. Mimi nilikuwa nimepeleka gauni la Kifungo nililolifupisha, nikakwama mlangoni. Sikupaswa kukaa, lakini miguu ilikataa.

Kifungo alikuwa ameketi kwenye kigoda, gauni jeupe limenyooshwa hata kwenye kola. Baba yake amesimama mbele yake, kitambaa begani, ameinama na kijiko. Tone likidondoka, anafuta. Mdomo ukichafuka, anafuta. Anageuka kutazama mlango, anarudi. Mtoto anamtazama kutoka chini kama mtu anayehudumiwa na mgeni. Vijiko viwili, midomo ikafungwa.

Bibi aliweka mkoba chini. Nilidhani ataanza kukusanya nguo. Badala yake akatazama mezani, akatazama jikoni, akauliza, "Na sahani yako wewe iko wapi?"

Mnyoofu akasema atakula baadaye.

"Baadaye ya lini?"

Akafuta kijiko. Ningeweza kujibu mimi, maana ukuta wetu hauna siri: tangu mazishi nilikuwa sijasikia vijiko viwili mle ndani. Alikuwa akimlisha mtoto, akimlaza, halafu anatafuna mkate wake amesimama kando ya karai, gizani. Dengu zote zile hakuwahi kujipakulia hata upawa mmoja.

Bibi akamvutia kigoda cha pili. Kilikuwa cha marehemu, kila mtu alikijua, na hakuna aliyekikalia tangu hapo. Mnyoofu akasita. Mama yake akamnyang'anya kile kitambaa cha begani, akamwambia, kwa ile sauti yake ya kuamuru, "Keti, mwanangu. Mtoto hawezi kula na mtu anayetaka kuondoka."

Akaketi. Magoti yakamfika kifuani. Akapakuliwa, akatia kijiko mdomoni, na hapo ndipo nilipojua kwa nini alikuwa hajawahi kuzionja. Zilikuwa dengu za mkewe. Alimwiga kila kitu, hadi ule mchicha mwembamba. Hakuweza kumeza. Machozi yakamshuka na dengu bado ziko mdomoni, mwanamume mzima, mashavu yamejaa kama mtoto aliyeiba.

Kifungo akamkodolea macho. Akachukua kijiko chake mwenyewe kwa ngumi, akakitumbukiza kwenye sahani ya baba yake, nusu ikamwagika kwenye gauni jeupe. Hakuna aliyefuta. Kilichobaki akakitia mdomoni, akatafuna polepole akimwangalia, hadi baba naye akameza. Kisha akachota tena.

Bibi akaokota mkoba wake. Aliukunja mdogo kabisa, akausukumiza kwapani, akasema anawahi kabla giza halijaingia. Mlangoni alinishika mkono akaniambia niwatazamie. Nikasema ndiyo, mama.

Nikarudi kwangu. Niliwasha jiko, nikapasha moto kiporo, na nikaanza kula kutoka kwenye sufuria, kando ya karai, kitambaa begani. Upande wa pili vijiko viligonga, kikubwa na kidogo. Mnyoofu alikuwa anasema jambo, nadhani anamweleza mtoto habari za nyuki. Nilitafuna nikisikiliza, na katikati ya kutafuna nikaitazama miguu yangu. Nilikuwa nimesimama. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipoketi kula ndani ya chumba hiki, na sikukumbuka, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniuliza sahani yangu iko wapi.

Nikapakua. Nikabeba kigoda changu, nikakisogeza hadi kikagusa ukuta, nikaketi, nikala nao.