Kipengele cha Tisa

Zuberi Mussa hana adui mjini Mtwara. Muulize mwenye duka yeyote wa Chikongola, atakwambia mzee huyo wa manunuzi pale halmashauri hapokei hata soda. Miaka kumi na tisa sasa kompyuta, printa, nyaya na betri za zahanati za serikali zinapita mezani kwake, na hata waya mmoja haujapotea. Lakini kila mtu na kilema chake, na cha Zuberi ni wivu. Wivu wa mke. Ana miaka hamsini na mbili, na bado anamwonea mkewe wivu utadhani ndoa imefungwa juzi.

Mkewe, Mwanaisha, ni muuguzi wa zahanati moja ya kijijini mbele ya Kitaya, mahali ambapo ukitazama ng'ambo ya mto unaiona Msumbiji. Jumatatu anakwenda, mwisho wa wiki anarudi. Zamani kurudi kwake kulikuwa bahati nasibu: mara Jumamosi mchana, mara hafiki kabisa. Tangu mwaka jana akawa hakosi. Ijumaa magharibi yuko mlangoni, na Zuberi akajipiga kifua kwamba mke hawezi kukaa bila yeye.

Kilichomkera ni jina. Fadhili. Huyu ni afisa TEHAMA wa halmashauri, kijana wa kompyuta aliyeajiriwa mwaka jana huohuo, anayewaelekeza wauguzi kwa simu kompyuta za zahanati zikigoma. Hajaoa, mrefu, shati analipiga pasi mpaka mkunjo unakata. Mwanaisha akikaa kula, jina hilo linatangulia tonge. Fadhili kasema simu isilale kwenye chaji. Fadhili kanichekesha leo mpaka machozi. Zuberi anatafuna na wivu wake. Kompyuta hizo kazinunua yeye, mbona yeye haulizwi chochote?

Ijumaa moja Mwanaisha akashuka na viroba viwili vya ming'oko, vile viazi pori ambavyo sisi wa Kusini tukivikosa msimu mmoja tunaona tumeonewa.

"Hiki chetu," akasema. "Na hiki Jumatatu umpelekee Fadhili ofisini. Kanisaidia sana yule."

"Ming'oko?"

"Anaipenda, Baba Nasra. Mtoto wa watu yuko peke yake mjini, nani atamchimbia?"

Zuberi alikipeleka kiroba, maana ni mwaminifu, lakini njia nzima roho ilimchoma. Mwanamke hakuchimbii ming'oko bure. Dalili ya mvua ni mawingu, akajisemea, na haya mawingu nayabeba mwenyewe begani.

Mwanamume mwingine angegomba. Zuberi ni mtu wa manunuzi, akagomba kwa zabuni. Mwezi ule zilikuwa zinanunuliwa kompyuta mpya za zahanati. Utaratibu ni kwamba mtu wa TEHAMA anaandika vigezo, manunuzi wanatangaza. Fadhili alikuwa likizo kwao Masasi, na kumngoja ilikuwa juma moja tu. Zuberi hakungoja. Aliviandika mwenyewe, na alipofika kipengele cha tisa akapunguza mwendo kama anayeandika wosia: mzabuni atatoa msaada wa kiufundi kwa simu kwa muda wa miaka mitatu, nywila zote atazishika yeye, na mtu mwingine yeyote haruhusiwi kugusa wala kuelekeza. Akakisoma mara mbili, akatabasamu peke yake.

Kamati ilikipitisha bila swali. Mkuu wake hata alimsifu kwa kuona mbali. Kampuni moja ya Dar es Salaam ikashinda kwa haki kabisa, hakuna aliyekula senti. Fadhili aliporudi akausoma mkataba, akakuna kichwa, akasema, "Sawa, mzee." Mwanaisha naye alipouliza kwa nini asimpigie tena Fadhili, mumewe alimwambia ni maagizo kutoka juu. Siku ile Zuberi alilala usingizi wa pono.

Ijumaa ya kwanza ya mitambo mipya Mwanaisha hakufika. Alikuja Jumamosi saa saba, amechoka, hana hadithi. Ya pili vilevile. Ya tatu, saa tisa, ujumbe ukaingia: gari limeniacha tena. Zuberi akainua macho. Meza ya Fadhili ilikuwa tupu tangu watu walipokwenda kuswali Ijumaa. Wivu ukamnyanyua kitini, ukamtembeza mpaka Chikongola, kwenye chumba alichopanga kijana yule.

Alimkuta uani ameinamia beseni la nguo, povu mpaka viwikoni.

"Shikamoo, mzee! Kuna shida?"

"Marahaba. Napita tu." Akachungulia ndani. Kitanda, feni, hakuna mtu. "Mama Nasra kakwama tena kule."

"Itakuwa taarifa ya wiki hiyo," Fadhili akasema, akikamua shati. "Lazima itumwe kwenye mfumo ndipo wafunge, na mtandao wa kule ukiyumba inaganda. Zamani saa sita tu ananipigia: 'Fadhili mwanangu, nikwamue upesi, gari la saa nane lisiniache. Mume wangu Ijumaa nisipokula naye hashibi.' Nilikuwa namcheka sana mama."

Zuberi akapiga hesabu kichwani. Kumbe Ijumaa zote zile aliletewa mke na huyu.

"Basi wiki ijayo akikupigia, mwelekeze."

"Nywila wanazo Dar, mzee. Na nikimwelekeza nimevunja mkataba." Hakusema kwa ubaya. "Kipengele cha tisa."

"Hakiondolewi?"

"Hayo ya manunuzi unayajua wewe."

Na kweli anayajua. Kipengele hakiondolewi bila dokezo kwa mkuu, na dokezo sharti lieleze kiliwekwa kwa sababu gani. Aandike nini pale, ming'oko? Na hata hapo, amesimama mbele ya beseni la watu na aibu imemjaa, wivu haukumwachia. Maneno matamu namna ile Mwanaisha kamwambia Fadhili. Yeye mwenye mke hajawahi kuambiwa hata mara moja.

Alikuwa anarudi nyumbani simu ilipolia.

"Baba Nasra, nimewapigia Dar kwa simu ya zahanati, naambiwa mimi ni wa kumi na nne kwenye foleni, wananipigia muziki tu. Nasra akupashie mchuzi wa jana. Hivi hao wakubwa wako wa juu, walioleta mambo haya, wana wake kweli?"

"Wanao," Zuberi akajibu.

"Basi hawawapendi," akasema Mwanaisha, akarudi kwenye foleni yake.