Anayesaka rangi ya gauni la mama yake

Saa tatu asubuhi sufuria ya chai inachemka katika karakana ya mavazi, lakini usithubutu kuomba kikombe. Humo imechovywa shela. Chai ya rangi huifanya nguo mpya ionekane imelala sandukuni miaka mingi, na mwanamke anayeikoroga kwa mwiko anasema ikizidi kidogo tu, bibi harusi anatoka kama aliyefukuliwa.

Waigizaji humwita Bi Kale, ingawa hajafika hata miaka hamsini. Kazi yake ni kubuni mavazi ya filamu zinazosimulia enzi zilizopita. Filamu huja kwa msimu. Miezi mingine hushona sare za shule.

Leo chai haimsumbui. Kinachomsumbua ni picha iliyobandikwa ukutani: bibi harusi mwembamba, na bwana harusi aliyekakamaa kama anasubiri sindano. Ni wazazi wake. Mwongozaji wa filamu aliiona picha hiyo, akasema, "Nataka gauni hilihili." Heshima kubwa. Tatizo ni kwamba picha ni ya nyeusi na nyeupe, na gauni lenyewe halipo tena.

"Nikasema kuuliza si ujinga, nikampigia mama," anasimulia. "Heri ningebaki na ujinga wangu."

Mama alijibu bila kusita: samawati. Mama mdogo, aliyemshika bibi harusi mkono siku ile, akaruka: "Samawati? Dada amezeeka! Lilikuwa la kijani." Baba alipoombwa awaamue akasema jekundu. Alipobanwa akakiri, "Mwanangu, mimi nilikuwa naangalia uso wake. Nguo ningeijulia wapi?"

Njia mbili zilimshinda fisi. Huyu kapewa tatu.

Alipiga picha vitambaa vya rangi zote tatu kwa simu, akaziondoa rangi, akalinganisha na picha ya ukutani. Vyote vikawa kijivu kilekile.

"Nilikaa sakafuni nikalia," anasema. "Si kwa ajili ya filamu. Mama macho yanafifia, na daktari amesema upasuaji hautasaidia. Nilitaka alione gauni lake mara moja tu kabla giza halijafika, na liwe lenyewe, si la kubahatisha."

Kinachomchoma zaidi ni kwamba gauni hilo aliwahi kulivaa. Alipozaliwa, mama alilikata akamshonea vigauni vya kitoto. Hakumbuki chochote, na nani angekumbuka? Kimoja huenda kiko kwa dada yake anayeishi mbali. Akamwomba akitafute.

Filamu haikusubiri. Ikabidi aamue kwa akili ya kazi. Ukuta wa sebule itakamofungiwa ndoa umepakwa kijani, kwa hiyo gauni la kijani lingemezwa. Jekundu lingewaka mno, na bibi harusi wa hadithi hii anaolewa kwa woga, hataki hata kutazamwa. Suti ya bwana harusi ni ya bluu. Samawati ingewafanya waonekane wameshonewa sare. Akachagua zambarau iliyopauka, rangi ambayo hakuna hata mmoja aliyeitaja.

Siku ya kujaribisha mavazi anawaalika wazee, roho mkononi. Mwigizaji anatokea nyuma ya pazia. Mama anasogea mpaka pua inakaribia kugusa kitambaa.

"Ndilo," anasema. "Ndilo hilihili."

"Si nilisema mimi!" anadakia mama mdogo.

Baba anafuta macho. "Nilikuwa nalo kwenye ulimi."

Bi Kale amesimama na pini mdomoni, hajui acheke au alie. "Hadi leo sielewi," anasema sasa akikoroga chai. "Nilibahatisha nikapatia, au nimewabadilishia harusi yao?"

Jana kifurushi kilifika kutoka kwa dada. Kiko chini ya cherehani, hakijafunguliwa. Anapanga kumketisha mama kiti cha mbele filamu itakapoonyeshwa, macho yakiwa bado yanaona, na baada ya hapo ndipo atakifungua. Labda.

Mama, aliyeletwa na baba kumletea bintiye chakula cha mchana, anakigusa kifurushi kwa kidole cha mguu. "Hiki nini, mwanangu?"

"Vitambaa tu, mama," anajibu, akikisukuma ndani zaidi.