Breki Zangu za Kisasa na Goli la Namungo

Waliosema sitaweza lolote nikirudi Nachingwea walikuwa wengi, na wala hawakunong'ona: shemeji yangu alisema gereji yangu haitamaliza msimu mmoja wa korosho, na muuza chai wa stendi akasema mtu aliyesomea magari kwenye karatasi atengeneze magari ya karatasi. Nataka mjue kwamba hawakuwa na ushahidi wowote. Ushahidi niliwapa mimi mwenyewe, mbele ya uwanja mzima wa mpira, na mpaka leo mtu akitaja Namungo masikio yananiwaka moto.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilirudi kutoka Dar na vitu viwili ambavyo mji haukuwa navyo: diploma ya ufundi wa magari (ipo ukutani, kwenye fremu, mgeni haketi mpaka aisome) na gari la spoti la milango miwili, la zamani kidogo, pua ndefu, taa za mbele zinachomoza kama macho ya chura. Vyote nilivipata kwa jasho langu, hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilichokosa ni kitu kidogo tu: wateja.

Akatokea Mzee Likwata, mnunuzi wa ufuta mwenye malori matatu. Akalitazama gari, akasema, "Mwanangu, Jumamosi mimi ni mgeni rasmi kwenye fainali kule Namungo. Nipeleke na hicho kigari chako. Nikiridhika, malori yangu yote utayatengeneza wewe." Malori matatu! Kwa miezi minne nilikuwa nimetengeneza pikipiki mbili na mashine moja ya kusaga, kwa hiyo hapo ilikuwa ama gereji isimame, ama nifunge nirudi Dar kimya kimya.

Mtu mwenye akili angeenda na gari lilivyokuwa, maana breki zake zilikuwa ndogo lakini zilishika. Mimi nikasema mgeni rasmi habebwi na breki za kizamani, nikaenda kwenye pikapu iliyokufa huko machimboni nikapata kalipa mbili kubwa (kalipa ni kile chuma kinachobana diski ili tairi isimame), nikazifunga mbele. Sasa ule mpira wa kupitisha oili ya breki ukawa mfupi, haufiki. Nikafikiri kidogo, nikabadilisha: kalipa ya kushoto nikaifunga kulia, ya kulia kushoto, mpira ukafika vizuri kabisa, nikajipongeza kwa sauti. Balaa lote lilianzia hapo, ndugu zangu.

Nikakanyaga breki, pedali ikazama kama mguu kwenye matope. Basi nikaanza uchunguzi wa kitaalamu. Nikatafuta panapovuja, hapavuji. Nikafungua masta silinda, ile pampu inayosukuma oili ukikanyaga, nikabadilisha raba zake, pedali laini vilevile. Nikakagua mipira kama inavimba, haivimbi. Nikatoa upepo, yaani mmoja anakanyaga pedali na mwingine analegeza skrubu kwenye kalipa ili hewa itoke, tukarudia mara nane, mpaka shemeji yangu aliyekuwa anakanyaga akaniuliza, "Shemeji, hii ni breki au cherehani?"

Nikamwambia breki kubwa zinahitaji muda wa kuzoeana na gari. (Msiniulize niliisoma wapi. Sikuisoma popote.) Ukikanyaga mara tatu haraka haraka pedali ilipanda na kuwa ngumu, dalili ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua: kuna hewa ndani. Mimi nilishamaliza mwaka wa tatu, kwa hiyo nikaipuuza.

Jumamosi tukaondoka, Mzee Likwata ndani ya kanzu nyeupe na koti, magoti yakimgusa kidevu. Kila penye kona au mbuzi nilianza kukanyaga mapema, moja, mbili, tatu, gari likasimama. Tulipoipita Ruangwa mjini akaniuliza, "Mbona unapiga miguu hivyo, unacheza ngoma?"

"Ndiyo teknolojia yenyewe, mzee wangu."

"Aa. Inachosha kweli, hii teknolojia."

Uwanja wa Namungo ulikuwa umefurika. Mtangazaji alipotuona akapayuka kwenye kipaza sauti, "Mgeni rasmi huyooo!" na vijana wakapiga mbinja. Nilitakiwa kupita taratibu pembeni mpaka kwenye turubai la wageni, lakini zile mbinja zilinipanda kichwani, nikaongeza mafuta nikate uwanja katikati nisimame ghafla, watu waone breki. Nikakanyaga. Pedali ikaenda mpaka sakafuni, ikakaa huko huko. Nikapampu, wapi! (Njia nzima oili ilikuwa inapata moto na hewa inatanuka, siku hizi naweza kuwaeleza vizuri sana.) Wachezaji waliokuwa wanapasha misuli wakatawanyika, kipa akaruka pembeni, nikavuta breki ya mkono, gari likaburuzika, likaingia golini taratibu, kwa adabu, likajizonga na wavu, na mwamba wa juu ukashuka ukalala juu ya paa.

"Gooooli!" akalia mtangazaji. "Nachingwea moja, Namungo bila!"

"Ofsaidi hiyo!" mtu akapiga kelele, na refa, mtu mzima kabisa, akanyanyua mkono akapuliza filimbi. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mzee Likwata hakucheka. Alitoa kichwa dirishani, wavu umemfunika mpaka mabegani, akasema, "Mwanangu, hizi ndizo breki za kisasa?"

Kipa, anaitwa Bosko, akaingia chini ya gari kunasua wavu kwenye tairi. Akakaa huko muda mrefu.

"Kaka, hizi kalipa kafunga nani?"

"Mimi."

"Skrubu ya kutolea upepo imetazama chini."

"Kwa hiyo?"

"Hewa si inakaa juu, kaka? Wewe umeiwekea mlango chini. Hata ungetoa upepo mpaka Krismasi, ingetoka oili tupu. Umechanganya kushoto na kulia." Akatoka, akajipangusa vumbi, akauliza kwa heshima zote, mbele ya mzee, "Kwani wewe ufundi umejifunzia wapi?"

Nikasema nimesomea Dar.

"Haya. Mimi natengeneza matrekta tu, kule Kilimarondo."

Mzee Likwata alirudi Nachingwea kwenye lori la wachezaji wa timu ya Bosko, amesimama, na kabla ya kupanda akaniambia, "Malori nitaleta Jumatatu. Lakini breki atazishika huyo kipa. Hutaki, basi."

Nilitaka. Yalikuja yote matatu, na Bosko akashuka kwenye la kwanza na begi lake. Mpaka leo ikija kazi ya breki yeye anashika spana, mimi nashika tochi, na mteja akiuliza nani bosi hapa, namjibu ni mimi, ingawa sauti inatoka ndogo. Nami nimeapa: pedali ikizama hata unene wa kidole, gari halitoki getini kwangu, hata kama mgeni rasmi ameshavaa kofia na ameshakaa ndani.