Nilivyomponda Colby Stegall Ili Nimpate

Mwezi wa tatu mwaka juzi nilijifungia kwenye choo cha plastiki kwa saa moja na nusu, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, nikimpiga chabo kijana wa watu kupitia tundu la hewa.

Msinifikirie vibaya. Nilikuwa kazini.

Naitwa Lonnie Tackett. Miaka thelathini na moja nimekuwa msaka vipaji wa timu kubwa ya besiboli. Jina la timu siwatajii, wana mawakili wengi kuliko wachezaji.

Kazi yenyewe ni hii: nazunguka na gari vyuo vyote vya Arkansas na Oklahoma, natazama wanafunzi wanavyorusha mpira na wanavyoupiga, naandika ripoti. Kila mwezi wa saba timu zote zinakaa na kuchagua vijana kwa zamu, raundi ishirini. Hiyo ndiyo Drafti. Timu ikishataja jina lako umekuwa mali yao, timu nyingine hairuhusiwi kukugusa.

Sasa kwa nini chooni?

Kwa sababu wasaka vipaji ni kama mbwa wa mtaani. Mmoja akinusa jalala, wote wanakuja. Wakikuona umemkodolea mchezaji macho, kesho yake uwanja mzima umejaa kofia na bunduki za kupimia kasi ya mpira, zile kama za trafiki. Kwa hiyo mchezaji unayempenda unampa mgongo. Wengine wanaondoka katikati ya mechi makusudi, waonekane hawana habari.

Mimi nilikuwa nimesikia tetesi kuhusu mrushaji mmoja wa Chuo cha Pickett Creek, chuo kidogo ambacho hata ramani inakionea aibu. Nikaenda siku ya mazoezi. Nikakuta gari la timu nyingine limepaki getini, nikazunguka nyuma ya uzio, nikaingia chooni. Pale warushaji wanapopashia mikono palikuwa hatua kumi tu.

Harufu msiniulize.

Kijana aliitwa Colby Stegall. Miaka ishirini na miwili, mwaka wa mwisho chuoni, anatumia mkono wa kushoto. Mwaka uliotangulia alikuwa wa kawaida kabisa. Huyu niliyemwona kupitia tundu alikuwa mtu mwingine. Mpira wake ulikuwa unakwenda maili tisini na sita kwa saa, ukifika kwenye goti la mpigaji unazama ghafla. Mdakaji wake mwenyewe ulimponyoka mara nne.

Nikajikuta natabasamu mle ndani peke yangu. Nilimtaka dogo yule kuliko mchezaji yeyote niliyewahi kumwandikia ripoti.

Ijumaa yake ikawa mechi. Tukawa wasaka vipaji tisa nyuma ya uzio, na naomba niwaambie ukweli kuhusu wenzangu hao. Wanane, na ukichanganya akili zao zote hupati ya kuendeshea baiskeli. Wanatema maganda ya alizeti, wanasifia vijana wenye sura nzuri, eti sura inaonyesha roho ya ushindi. Mtu analipwa mshahara kwa kusema dogo ana taya zuri!

Wa hovyo kuliko wote alikuwa Gus Prejean, mzee wa Louisiana. Miaka sabini, kofia usoni, mfuko wa karanga za kuchemsha umekaa juu ya tumbo. Mechi ikianza tu, anakoroma. Nilikuwa najiuliza kila mwaka timu yake inamlipa kwa kazi gani.

Mmoja akaniuliza, "Lonnie, vipi huyo Stegall? Mkono wake mbona leo una moto?"

Nikacheka. Nikacheka mpaka nikashika uzio.

"Huyo? Galasa hilo, kaka. Bega bovu. Subiri wiki tatu uone."

"Acha bwana."

"Halafu mvivu. Kukimbia hataki, mazoezi hataki."

Nikaona penseli zinasimama. Ningeishia hapo ingetosha. Lakini mimi nikijiona fundi huwa sijui kuacha. Nikashusha sauti kama mtu anayetoa siri ya ndoa.

"Na anakunywa. Saa tatu asubuhi dogo ananuka. Nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa."

Penseli zikaanza kuandika, wote kwa pamoja, kama watoto wanaosomewa imla. Prejean alifunua kofia, akafungua jicho moja, akala karanga, akalala tena.

Wimbo huo niliuimba miezi mitatu. Kila uwanja niliokaa, kila mgahawa tuliokutana, Stegall galasa, Stegall mlevi. Na wakaacha kuja! Kufikia mwezi wa tano nilikuwa nakaa nyuma ya uzio karibu peke yangu, nafurahia onyesho. Niliwadharau wale watu mpaka nikawaonea huruma.

Nikaenda nyumbani kwa Colby. Mama yake anafanya kazi kiwanda cha kuku, mikono imejaa makovu ya visu. Akatukaangia kambare na mkate wa mahindi. Alikula kidogo, muda mwingi alikuwa anamwangalia mwanawe kwa namna ambayo sikuielewa siku ile.

Nikamwambia Colby, "Dogo, raundi ya nane tunakuchukua. Timu nyingine wakipiga simu, usipokee. Wakikutumia fomu za maswali, usijaze."

"Kwa nini, mzee?"

"Niachie mimi. Hii michezo naijua."

Akaweka uma chini. "Mzee Tackett, mimi huu ndio mwaka wangu wa mwisho. Drafti ikinipita hii, hakuna nyingine. Kiwandani wameniwekea nafasi, wanataka jibu wiki ileile. Ukinikosea wewe, ndiyo basi tena."

"Lala usingizi," nikamwambia. Nikaongeza kambare.

Siku ya Drafti tulikaa kwenye chumba kimoja cha baridi kali, watu ishirini na wawili, ubao mkubwa ukutani umejaa vibao vya sumaku vyenye majina. Bosi wetu anaitwa Bryce Hallenbeck. Miaka thelathini na minne, kizibao cha manyoya mwezi wa saba, chupa ya maji ya kijani mkononi. Mchezaji hamwiti mchezaji, anamwita rasilimali. Kazungukwa na vijana wa kompyuta ambao wakipigwa na jua dakika kumi wanahitaji daktari.

Raundi ya nane ikafika. Nikanyoosha shati.

Bosi akasoma jina la mpigaji mmoja wa California.

Nikasimama. "Bosi, na Stegall?"

"Stegall yupi?"

"Wa Pickett Creek! Nimekuandikia ripoti kurasa sita. Huyo ni jembe!"

"Aaah, huyo." Akanywa maji. "Huyo tulimtoa kwenye ubao wiki iliyopita."

Nikatazama ubao. Kweli, hakuwepo. Nilikuwa nimewatazama watu wa chumba kile kwa dharau saa nzima, ubao wenyewe sikuusoma.

"Kwa nini mmemtoa?"

Kijana mmoja wa kompyuta akajibu kwa niaba yake, sauti nyembamba, anasoma kwenye skrini. "Bega lina mashaka. Mvivu wa mazoezi. Anakunywa pombe asubuhi. Huwa tunabadilishana habari na marafiki zetu wa timu nyingine. Hii imethibitishwa na vyanzo sita tofauti."

Vyanzo sita. Vyote sita nilikuwa mimi.

"Ni uongo huo," nikasema.

Bosi akanigeukia. "Umejuaje?"

Jasho likanitoka kwenye baridi ile. Watu ishirini na mmoja wananiangalia.

"Nimeutunga mimi."

Mtu mmoja akacheka, akaona hakuna anayemuunga mkono, akaacha. Nikaeleza yote: choo, uzio, galasa. Nikaeleza kwamba ndivyo kazi hii inavyofanywa tangu wazee wetu, kila msaka vipaji anaficha wake. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyozidi kusikika kama kichaa.

Hallenbeck akaweka chupa mezani. "Kwa hiyo kuna Lonnie wa ripoti anayesema jembe, na kuna Lonnie wa uwanjani anayesema mlevi. Mimi nimwamini yupi?"

"Wa ripoti, bosi!"

"Na nikigundua huyo naye ni mtunzi?"

Nilimdharau bosi yule miaka minne mizima, na siku ya kwanza aliyoniuliza swali la maana nikabaki nimekodoa macho.

"Basi raundi ya kumi," nikamwomba. "Nakuomba. Dogo nilimwambia asipokee simu za watu. Nimemfungia milango yote. Tukimwacha sisi anaishia kwenye kuku."

"Tutaona," akasema, akaendelea na raundi ya tisa.

Nikakaa chini. Namwona Colby sebuleni kwao na mama yake, simu mezani, wananisubiri mimi.

Na katikati ya raundi hiyo ya tisa, skrini kubwa ikaandika: Colby Stegall, mrushaji, mkono wa kushoto, Chuo cha Pickett Creek.

Nilisoma mara mbili. Halafu nikasoma timu iliyomchukua.

Timu ya Gus Prejean.

Nikatoka nje kwenye korido, nikampigia. Akapokea anatafuna.

"Gus, Stegall umemjulia wapi?"

"Kwako."

"Mimi nilikuambia galasa!"

"Lonnie, kaka yangu." Akacheka taratibu, kicheko cha mtu aliyeshiba. "Tumekaa wote kwenye uzio mwaka wa ngapi huu? Galasa la kweli wewe hulisemi. Ukiulizwa unasema 'hapana' halafu unafungua soda. Hujawahi kupoteza hata dakika moja kwa galasa. Huyu umemponda miezi mitatu. Pale uliposhika uzio ukicheka, mimi nilishamaliza kazi yangu. Nikalala."

"Ulikuwa unanisikia?"

"Sasa pale uwanjani kuna kingine cha kusikiliza?"

Nikakata simu. Kumbe wale wazembe wa kwenye uzio, angalau mmoja wao, ananisoma kama gazeti. Na waliouamini uongo wangu kuliko wote ni timu yangu mwenyewe.

Lakini jamani, nilipumua. Dogo kapata. Nikajiambia mambo yameisha vizuri, na nikaanza hata kujisifu kidogo, kwamba bila kelele zangu Prejean asingemwona. Ndivyo nilivyo.

Nikampigia Colby nimpe hongera.

"Hongera, dogo! Umeona sasa? Nilikuambia ulale usingizi!"

"Mzee Prejean amenieleza kila kitu," akasema. Hakupandisha sauti. "Alidhani nitacheka. Ya bega nimecheka. Ya uvivu nimecheka pia, nakimbia maili sita kila siku."

"Ilikuwa kazi tu, Colby. Wote tunafanya hivyo."

"Ya pombe, mzee. Ya pombe kwa nini?"

Nikakohoa.

"Mama aliisikia kiwandani mwezi wa nne. Hajawahi kuniuliza. Ila tangu siku hiyo kila nikirudi ananisubiri mlangoni, ananikumbatia. Mama hakuwa mtu wa kukumbatia. Ilinichukua wiki nzima kujua kwamba ananinusa mdomo."

Nikaegemea ukuta wa korido.

"Leo jina langu limetajwa, karuka, kalia, kanikumbatia. Na leo pia kaninusa. Nimemsikia anavuta pumzi."

"Nitaongea naye. Nitamwambia ni mimi."

"Usije, mzee," akasema. "Tafadhali." Akakata.

Sasa niwaambie kitu ambacho sikumwambia Hallenbeck wala Prejean wala mke wangu.

Baba yake Colby alikufa kwa pombe. Aliingiza gari mtoni saa nne asubuhi, Colby akiwa na miaka tisa, na kata nzima inajua. Mimi pia nilijua. Sisi wasaka vipaji tunachimba familia za watu mpaka kwa babu. Niliandika mwenyewe kwenye ripoti yangu, ukurasa wa pili.

Na ndiyo maana nilichagua pombe. Nilitaka uongo utakaoaminika upesi, nikaangalia msiba wa nyumba yao, nikauchukua. Angekuwa mtoto wa mchungaji ningetunga kingine.

Nimewadharau watu kazi yangu yote. Wenye maganda ya alizeti, wenye kizibao, wenye kompyuta, mzee wa watu na karanga zake. Katika wote hao hakuna hata mmoja aliyemfanyia Mama Colby nilichomfanyia mimi, tena nikiwa nimekula kambare wake.

Somo langu si kubwa. Ukimchafua mtu kwa faida yako, wewe unajua ni mchezo, lakini mama yake hajui. Na ukija kusema ulitania, yeye ameshajifunza kunusa, na hilo huwezi kumfundisha kuacha.

Mwezi wa nane nilimwandikia mama huyo barua, nikakiri yote, nikaweka jina langu kamili. Mpaka leo hajanijibu, na sioni kwa nini anijibu.